Kichwa cha Zipu Mbele ya Mkaguzi

Husikika mara kwa mara, katika mikutano ya wasomi na hata katika hotuba za sherehe, kwamba vijana wetu wanavumbua mambo mengi ila wanakosa hataza, na kwamba dawa ya upungufu huo ni kuwarahisishia njia ya kupata hati yenye mhuri. Nia ya wasemao hayo ni njema, lakini mimi sikubaliani nao. Mhuri peke yake hauna uzito wowote. Uzito unatokana na ukaguzi unaoutangulia, yaani ile kazi ya mtu aliyeketi mezani, akasoma, akalinganisha, akauliza, na mara nyingi akakataa. Hati iliyotolewa bila ukaguzi yaweza kuwadhuru wengi kuliko inavyomfaa yule mmoja aliyeipokea. Ili jambo hili lieleweke darasani bila kupotea katika lugha ya wanasheria, nimechagua kulieleza kwa chombo ambacho karibu kila mwanafunzi hukibeba begani bila kukitazama: kichwa cha zipu.

Mwanafunzi na achukue begi lake, akiangalie kichwa hicho kwa makini. Upande mmoja ataona milango miwili, upande wa pili mlango mmoja. Mfereji wa ndani una umbo la herufi Y. Kati ya milango ile miwili pana kijiguzo chenye ncha, nacho si kitu kingine ila kabari, ile ile inayofundishwa katika somo la mashine sahili. Kichwa kikishushwa, kabari hupenya kati ya safu mbili za meno na kuzitenganisha. Kikipandishwa, kuta za pembeni huzisukuma safu hizo zikutane. Lakini hazikutani zikiwa zimenyooka; hukutana zikiwa zimepinda, na palipo na pindo nafasi kati ya jino na jino hutanuka kidogo, kiasi cha kuliruhusu jino la upande wa pili kuingia. Zikisha pita mlangoni na kunyooka, nafasi hupungua tena na jino hubanwa lisitoke. Ndiyo maana mtu mwenye nguvu hawezi kuipasua zipu nzima kwa kuivuta kwa mikono miwili, ilhali mtoto huifungua kwa kidole kimoja. Kazi yote imo katika pembe na katika nafasi iliyopo kati ya bamba la juu na bamba la chini la kichwa. Nafasi hiyo ikitanuka kwa kuchakaa, hata kwa sehemu ndogo ya milimita, kichwa kitapita juu ya meno bila kuyafunga. Hapo fundi cherehani huchukua koleo, ambayo wengi huiita plaizi, akabana mabamba hayo pembeni, na begi likapona kwa miezi michache.

Tugeukie sasa hataza yenyewe. Hataza ni mapatano kati ya mvumbuzi na umma. Mvumbuzi hufichua siri ya kazi yake kwa maandishi na michoro iliyo wazi kiasi kwamba mtu mwingine wa fani hiyo aweza kuitengeneza. Umma nao humpa haki ya kuwazuia wengine kwa miaka maalumu. Muda huo ukiisha, uvumbuzi huwa wa wote. Kwa kuwa umma ndio unaotoa, umma una haki ya kuuliza kama unachopewa kina thamani. Mkaguzi huuliza kwa niaba yake mambo matatu: je, kitu hiki ni kipya, je, kina hatua ya kivumbuzi, yaani hakijitokezi chenyewe mbele ya mtu mwenye ujuzi wa kawaida wa fani ile, na je, kinaweza kutengenezwa au kutumiwa katika kazi za uzalishaji? Haulizi kama kitu ni kizuri, wala kama mvumbuzi ni maskini, wala kama taifa litajivunia. Aidha, uzuri wa umbo una njia yake nyingine. Mtu akitengeneza kishikio cha zipu chenye sura ya samaki, anachoweza kukilinda ni umbo la kiwandani, ambalo husajiliwa kwa kanuni tofauti. Hataza hulinda namna kitu kinavyofanya kazi.

Historia ya zipu yenyewe inafundisha vema. Mwaka 1851 Elias Howe wa Marekani, yule yule aliyepata hataza ya cherehani mwaka 1846, alipata hataza ya kifungio cha nguo kilichokuwa na vibanio vingi vilivyounganishwa kwa uzi. Hakukishughulikia tena, cherehani ilimtosha. Karibu miaka 40 ikapita. Tarehe 7 Novemba 1891 Whitcomb Judson akapeleka ombi juu ya kifungio cha viatu vya buti: kulabu na vitundu vilivyopangwa safu mbili, pamoja na kiongozi kinachotelezeshwa kwa mkono ili kuvifunga au kuvifungua. Mkaguzi akasita, kwa sababu vifungio vya viatu vya namna mbalimbali vilikwisha kuandikishwa kabla yake. Mwaka 1892 Judson akapeleka ombi la pili lenye marekebisho, na hataza zote mbili zikatolewa siku moja, tarehe 29 Agosti 1893. Ni karibu miaka miwili tangu ombi la kwanza.

Wengine watasema huo ulikuwa ukiritimba wa ofisi. Mimi naona kinyume. Swali la mkaguzi lilimlazimisha mvumbuzi aseme ni kipi hasa alichokiongeza duniani. Kulabu zilikuwapo, vitundu vilikuwapo, viatu vya kufunga vilikuwapo. Kilichobaki kilikuwa kile kiongozi kinachoteleza, na ndicho kilichodumu mpaka leo, maana kulabu za Judson zilitupwa kwa sababu zilikuwa zikifunguka ovyo. Mswidi aliyehamia Marekani, Gideon Sundback, akaziacha na kubuni meno madogo yafananayo, kila moja likiwa na kijinundu upande mmoja na kishimo upande wa pili, likiingia katika jirani yake kama kijiko juu ya kijiko. Vifungio 4 katika kila inchi vikawa 10 au 11. Ombi lake aliliwasilisha mwaka 1914, na hataza nambari 1,219,881 ikatolewa tarehe 20 Machi 1917. Hakudai kwamba amevumbua kifungio kinachoteleza, kwa kuwa asingeweza. Alidai meno yake na mpangilio wake. Jina la zipu lenyewe lilikuja baadaye, mwaka 1923, kutoka kampuni ya B. F. Goodrich iliyolitumia kwa viatu vya mpira.

Kwa sheria ya Marekani ya wakati ule hataza ilidumu miaka 17 tangu kutolewa, hivyo ya Sundback ilikwisha mwaka 1934. Tangu hapo meno ya Sundback ni shamba la wote. Mwaka huohuo, huko Tokyo, Tadao Yoshida alianzisha biashara ambayo baadaye ilikuja kuitwa YKK, jina ambalo wasomaji wengi watalikuta limechorwa kwenye vishikio vya zipu zao wakitazama sasa hivi. Sisemi kwamba jambo moja lilizaa jingine. Nasema tu kwamba aliyetaka kutengeneza alikuta mlango uko wazi.

Nilipokuwa nikiandaa shahada yangu ya uzamivu ng'ambo, msimamizi wangu alinituma nisome hataza za zamani kabla ya kunipa ruhusa ya kugusa mashine ya karakana. Nilidhani ananichelewesha. Lakini humo nilikuta michoro, vipimo na sababu ambazo vitabu vya kiada huziruka, na zaidi ya hayo nilikuta kitu adimu katika maandishi ya kitaalamu: mtu analazimishwa kusema kwa sentensi moja ni wapi kazi ya wenzake ilipokomea na yake ilipoanzia. Sijui zoezi lililo bora kuliko hilo kwa mwanafunzi wa kidato cha tatu.

Basi tufanye zoezi hilo hapa kwetu. Tuseme fundi cherehani wa Rasbura, katika Manispaa ya Lindi, amechoka kubana vichwa vya zipu kwa koleo. Pwani hiyo zipu hazina maisha. Hewa ya bahari hubeba chumvi. Chumvi huila alumini na kuiachia vishimo. Springi ya chuma iliyomo ndani ya vichwa vinavyojifunga hushika kutu. Na hata zipu ya nailoni, ambayo meno yake hayaozi, huvutwa na kichwa cha madini kinachooza. Ongeza mchanga wa ufukweni unaosaga mfereji kama tupa. Fundi wetu anabuni kichwa ambacho mabamba yake mawili yameunganishwa kwa skrubu ndogo: kikilegea, mwenye begi anaikaza mwenyewe. Tena, chini ya kabari ametoboa kitundu cha kutolea mchanga. Anaandika dai lake: kichwa cha zipu chenye skrubu ya kurekebisha nafasi kati ya mabamba.

Mkaguzi akifanya kazi yake sawasawa, dai hili litaanguka. Vichwa vya zipu vyenye skrubu ya kukazia vimekwisha kuuzwa Marekani, kimojawapo kwa jina la FixnZip. Fundi hakuviona, hakuiga, na jasho lake ni halali; lakini upya haupimwi kwa jasho. Hapa ndipo huruma ya wale wanaotaka mhuri wa haraka inapoleta madhara. Ofisi ikimpa hati kwa kuwa ni mwenzetu na amejitahidi, itakuwa imempa fimbo ya kuwazuia mafundi wengine wote wa nchi hii wasikaze zipu kwa skrubu, jambo ambalo lilikuwa huru kwao jana yake. Na siku mwenye mtaji atakapoupinga usajili huo, fundi ataupoteza baada ya kuingia gharama za wakili. Barua ya kukataa, yenye sababu na michoro ya vilivyotangulia, ingemfaa zaidi. Ingemwelekeza kwenye kile kitundu cha mchanga.

Maana yamkini ndipo ulipo uvumbuzi wake. Dai jembamba zaidi lingesema: kichwa cha zipu chenye skrubu, ambacho chini ya kabari pana kitundu kilichowekwa mahali ambapo meno hayajakutana, ili mchanga na chembe za chumvi zidondoke kabla ya kubanwa. Hili nalo litatafutwa katika kumbukumbu, tena kwa bidii. Na kama halikupatikana, mkaguzi atauliza: je, fundi wa kawaida asingelifikiria? Swali hili ni gumu kuliko linavyoonekana. Huyo fundi wa kawaida ni mtu wa kufikirika. Sheria humdhania kuwa anajua yote yaliyokwisha kutangazwa katika fani yake lakini hana kipaji cha pekee. Nahofu kwamba anayefikiriwa katika ofisi nyingi ni fundi wa kiwanda kikubwa, asiyewahi kushona mita chache kutoka kwenye maji ya chumvi. Kwa fundi wa kiwandani kitundu kile ni jambo la ajabu. Kwa fundi wa pwani huenda ni jambo la kila siku, na huenda wapo wanne mtaani wanaotoboa vichwa kwa msumari tangu zamani.

Na kama wapo, nani atamwambia mkaguzi? Hili ndilo linalonisumbua kuliko suala la mihuri. Mkaguzi hawezi kuona kisichoandikwa. Anapotafuta vilivyotangulia hupekua hataza za nchi mbalimbali, majarida, vitabu, katalogi za viwanda. Ujuzi wa mafundi wetu, namna wanavyobana, wanavyopaka nta ya mshumaa, wanavyohamisha kichwa kutoka zipu mbovu kwenda zipu nzima bila kufumua mshono, haumo katika maandishi hayo. Mtu wa mbali aweza kuuona, akauandika kwa Kiingereza safi, akaupelekea michoro, na mkaguzi mwaminifu kabisa akamkubalia, kwa kuwa kila alipopekua hakukuta kitu.

Hofu hii ina mfano wake. Mwaka 1995 watafiti wa chuo kikuu kimoja cha Marekani walipewa hataza juu ya matumizi ya manjano katika kuponya vidonda. Bibi zetu wa pwani, achilia mbali bibi za Wahindi, wangecheka. Lakini kicheko si ushahidi. Baraza la utafiti wa sayansi na viwanda la India liliomba hataza hiyo ikaguliwe upya, likapeleka maandishi ya kale ya Kisanskriti pamoja na makala iliyochapishwa mwaka 1953 katika jarida la chama cha madaktari wa India. Mwaka 1997 hataza ikafutwa. Angalia kilichoshinda: ni karatasi zenye tarehe. Kwa maombi yaliyowasilishwa kabla ya tarehe 16 Machi 2013, sheria ya Marekani haikuhesabu kabisa matumizi yaliyofanyika nje ya nchi hiyo, isipokuwa kama yalikuwa yamepewa hataza au kuelezwa katika maandishi yaliyochapishwa. Vidonda vyote vilivyopona kwa manjano katika Bara Hindi havikuwa hoja. Makala moja ya mwaka 1953 ilikuwa hoja. Sheria hiyo imebadilika, lakini haja ya ushahidi haikubadilika. Wahindi walijifunza haraka, na tangu mwaka 2001 wakaanza kujenga hazina ya kumbukumbu za elimu yao ya jadi, iliyopangwa kwa namna ambayo wakaguzi wa hataza waweza kuipekua.

Kwetu, kwa miaka mingi, kabla na baada ya Uhuru, hatukuwa na sababu ya kujifunza kazi hii. Sheria tuliyoirithi ilimtaka mtu apate hataza Uingereza kwanza, kisha aje kuisajili hapa. Fikra zote zilifanyika London. Sheria yetu ya Hataza ilitungwa mwaka 1987 na kuanza kutumika mwaka 1994. Inatambua hataza, na pia hati ndogo zaidi isiyodai hatua ya kivumbuzi, mradi kitu kiwe kipya na kiweze kutumika katika uzalishaji. Nadhani hii ndiyo ingemfaa fundi wetu kama kitundu chake ni kipya kweli. Kwa hapa Bara mlango wa kuingilia ni BRELA. Pia nchi yetu imo katika shirika la ARIPO, ambalo mizizi yake ni mkataba wa Lusaka wa mwaka 1976, na ambalo kwa Itifaki ya Harare ya mwaka 1982 hupokea na kukagua maombi ya hataza kwa niaba ya nchi wanachama. Wakaguzi wa Afrika wapo, basi. Tunachowanyima ni maandishi ya kupekua.

Walimu wa sayansi wanahusika hapa kwa njia mbili zinazovutana, na afadhali nizitaje waziwazi. Maonyesho ya vijana yameongezeka: yapo ya Young Scientists Tanzania yaliyoanza muongo wa 2010, na yapo mashindano ya kitaifa ya MAKISATU yaliyoanza mwaka 2019. Mwanafunzi anayesimama mbele ya meza yake na kumweleza kila mpita njia jinsi chombo chake kinavyofanya kazi amekwisha kukitangaza, na kilichotangazwa hupoteza upya wake. Baadhi ya sheria hutoa muda wa msamaha, lakini ni mfupi na haukubaliwi kila nchi. Kwa hiyo mwalimu anayeona jambo lenye dalili ya uvumbuzi wa kweli amshauri mwanafunzi awasilishe ombi kwanza, kisha ndipo apambe meza. Kwa upande wa pili, kwa yale mengi ambayo hakuna anayekusudia kuyadai, kutangaza ndiyo kinga yenyewe. Lililochapishwa leo katika jarida la shule haliwezi kudaiwa kesho na mgeni.

Ndiyo sababu napendekeza kazi ndogo, isiyohitaji fedha za wafadhili. Shule zilizo jirani na Rasbura na kwingineko pwani zianze na kichwa cha zipu. Wanafunzi waende kwa mafundi wawili watatu wa mtaani, wawaamkie, wawaeleze wanachotaka, na kwanza kabisa wawaulize kama wanaridhia mbinu zao ziandikwe. Kwa maana fundi akisha kubali kuchapishwa hataweza kugeuka na kuomba hataza ya jambo lile, na ni haki yake kulijua hilo kabla hajafungua kinywa. Akiridhia, mbinu ichorwe kutoka pande tatu. Nafasi kati ya mabamba ipimwe kwa kalipa kabla ya kubana, na ipimwe tena baada ya kubana. Zipu ifungwe na kufunguliwa mpaka iachie, na idadi ihesabiwe. Kila ukurasa uwe na tarehe na saini ya mwalimu, na jina la fundi kama ametaka litajwe. Jarida likisha chapwa, nakala moja ibaki shuleni na nyingine ipelekwe Maktaba Kuu ya Taifa, Dar es Salaam, mahali ambapo mtu yeyote aweza kuiomba na kuisoma. Zipu za nailoni na zile za madini zisichanganywe katika jedwali moja, kwa kuwa hazichakai kwa namna moja, na mkaguzi atakayesoma jedwali hilo miaka 20 ijayo atataka kujua ni ipi kati yake iliyobanwa.